Kwa Nini ya Tano

Jumatatu, 3 Machi

Leo niliwaambia wafanyakazi wa kiwanda kwamba mtu asipoandika anachokiona, atakuwa amekiona mara moja tu, kisha kimepotea. Baada ya kusema hivyo niliona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Nikapita dukani, nikanunua daftari hili.

Meneja alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimfundisha fizikia miaka minne. Alikuwa na tabia ya kumaliza mtihani kabla ya wenzake kisha kuitazama saa ya ukutani. Sasa anaongoza kiwanda kizima cha vyombo vya kauri, vikombe na sahani na mabakuli. Kiwanda kina matanuri mawili, na mizigo inarudishwa na wateja kwa sababu ya nyufa. Wenye kiwanda wamempa muda hadi mvua ziishe. Upotevu usipopungua, tanuri moja litazimwa na nusu ya watu watakwenda zao. Mimi baada ya kustaafu nilisomea kozi ya kupunguza upotevu viwandani, kwa kuwa sikujua kukaa bure. Ndipo akaniita.

Ubaoni niliandika sheria moja, kwa herufi kubwa: TUNAULIZA KWA NINI. HATUULIZI NANI. Nikaeleza kwamba kosa likitokea, tutauliza "kwa nini" mara tano, moja juu ya nyingine, mpaka tufike kwenye mzizi. Mzizi huwa ni utaratibu mbovu, hauwi mtu.

Mkuu wa matanuri, mtu mzima mwenye nyusi zilizoungua, ambaye wote wanamwita Mpishi, aliinua mkono. "Na ikitokea kwamba ni mtu, Mwalimu?"

"Haitatokea, kwa sababu hatutauliza."

"Basi mimi leo nimeokoka!" akasema, na watu arobaini na sita wakacheka. Mbele ya hao wote nimetoa neno langu kwamba hakuna atakayepoteza kazi kwa sababu ya nitakachokigundua.

Mdogo wangu wa kike, ambaye hufanya kazi humo kiwandani, alikuwa mstari wa mbele. Alinikazia macho usoni muda wote, kama mwanafunzi mwema.

Jumatano, 5 Machi

Nimefundisha aina za upotevu kwa kutumia kikombe kimoja. Nilikishika nikatembea nacho tangu udongo hadi boksi, nikawauliza watu kila hatua: "Hapa mnywaji wa chai amefaidika nini?" Kikombe kinapofinyangwa, amefaidika. Kinapochomwa, amefaidika. Kinapokaa kwenye rafu siku mbili kikingoja, hakuna kitu. Kinapobebwa kutoka chumba hiki hadi kile, hakuna kitu. Kinapokaguliwa mara mbili, hakuna kitu.

"Kwa hiyo mnywaji wa chai ndiye bosi wetu?" akauliza mwanamke mmoja mwembamba wa upande wa kufungasha.

"Ndiye."

"Mbona hajaniletea hata sukari?"

Huyo wanamwita Kijiko. Anaketi pembeni ya mdogo wangu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kwanza ya nguvu. Nilikuwa katika chumba cha kugongea.

Nieleze kazi yenyewe. Chombo kikitoka tanurini huweza kuwa na ufa mwembamba kuliko unywele, usioonekana kwa macho. Mgongaji hukiweka juu ya vidole vitatu na kukigonga kwa kijiti. Chombo kizima hulia kama kengele ndogo. Chenye ufa hutoa sauti nzito, fupi, kama umegonga ubao. Wagongaji ni wanne, na mdogo wangu ndiye mkongwe wao. Ana miaka ishirini na saba kwenye meza hiyo hiyo, meza namba mbili. Kiwandani wanamwita Sikio. Tangu mumewe afariki anaishi kwangu, na kila asubuhi naona anavyoliweka lile jina sawa kichwani pamoja na kilemba kabla ya kutoka.

Mvua ilipopiga mabati, wagongaji watatu waliweka vijiti chini na kukunja mikono. Mtu hasikii hata kikohozi chake. Niliwasha saa yangu ya kupimia: dakika arobaini na moja za kusubiri, watu watatu. Sikio peke yake hakuacha. Aliendelea kugonga kwa utulivu uleule, na Kijiko akivipanga vikombe vyake kwenye rundo la pembeni.

Nilijivuna. Nakiri. Niliandika: "Meza 2 haisimami wakati wa mvua. Chunguza. Wengine waige."

Jumatano, 12 Machi

Kazi ya kadi nyekundu. Kila kitu kisicho na kazi kinabandikwa kadi, na baada ya siku tano kinaondolewa. Tumebandika kadi kwenye mikokoteni mitatu mibovu, kabati lisilo na ufunguo, na kalenda ya mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka vizuri.

Nikabandika moja kwenye lile rundo la pembeni la meza ya mdogo wangu. Vikombe mia mbili na kumi vilivyokwisha kugongwa jana vilikuwa vikigongwa tena leo. Kazi moja mara mbili. Kisha nikachora njia anazopita Kijiko kwa kutwa. Nusu ya muda hapiti njia yoyote, amekaa tu kando ya Sikio, mikono mapajani.

"Mwalimu, hilo rundo liache," akaniambia.

"Kwa nini?"

"Liache tu, baba."

Nikamgeukia mdogo wangu. Akasema, "Ni mazoea tu, Kaka."

Nami nikaridhika. Nawafundisha watu kuuliza mara tano, nami nimeuliza mara moja. Sijui kwa nini naandika hili. Labda kwa sababu Kijiko hakutania, na ni mara ya kwanza kumwona hatanii.

Jumanne, 18 Machi

Tumehamisha meza. Kijiko sasa yuko mlangoni, maboksi yakiwa mkono wake wa kushoto, hatua nne badala ya thelathini. Rundo limeondolewa. Nimebandika ukutani utaratibu mpya wa kugonga, wenye picha, na mstari wa mwisho unasema: Kazi haisimami kwa sababu ya mvua.

Mgongaji wa meza ya tatu aliusoma, akaniuliza, "Tutasikiaje, Mwalimu?"

"Sikio anasikiaje?"

Akainua mabega. Sikio alikuwa ameinamia kijiti chake.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua kutwa. Vyombo vilivyopita leo ni vingi kuliko siku yoyote ya mwaka huu. Meneja amepiga makofi.

Jumatano, 2 Aprili

Nyumbani sufuria imeungua. Mfuniko uligonga na kugonga mpaka maji yakakauka, na mdogo wangu akiwa hatua mbili kutoka jikoni anachagua mchele. Nilipopiga kelele hakujibu. Nikadhani amenuna kwa sababu ya rafiki yake kuhamishwa. Nikanuna nami.

Alhamisi, 10 Aprili

Maboksi mawili yamerudishwa.

Jumanne, 15 Aprili

Yamerudishwa kumi na moja. Mteja mmoja ameandika kwamba sahani zetu zinapasuka zikimwagiwa mchuzi wa moto tu.

Meneja ananiambia tatizo ni matanuri: moto unapanda haraka mno. Nikamwambia tuchunguze. Akaniambia ameshachunguza, amemrudisha Mpishi nyumbani mpaka mwisho wa mwezi, kisha ataamua.

"Tulikubaliana hatuulizi nani," nikasema.

"Mwalimu, sikuuliza. Nimejua tu."

Nilipaswa kugonga meza. Nilisema "Haya," kama mzee anayeongezewa maji kwenye chai yake. Nilimwona Mpishi akitoka getini na mfuko wa nailoni wenye kandambili zake na kikombe. Alinipungia mkono kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyoniumiza.

Jumanne, 22 Aprili

Mwanamke anayehudumu kwenye mgahawa wa karibu na kituo cha basi ameungua paja. Kikombe kilimpasukia mkononi, kikiwa na chai iliyotoka jikoni dakika hiyo. Nilikwenda kumwona. Hakunilaumu, hakujua mimi ni nani. Aliniambia, "Kilikuwa kizuri sana kile kikombe, mzee. Ndiyo maana nilimpa mteja mgeni hicho."

Niliwahi kuwaambia watu kwamba bosi wetu ni mnywaji wa chai. Nilimsahau anayeileta.

Ijumaa, 25 Aprili

Katika kila boksi huwa kuna karatasi yenye namba ya meza na tarehe ya kugongwa. Nimekusanya karatasi za maboksi yote yaliyorudi, nikazipanga sakafuni. Kwa meza ya kwanza, ya tatu na ya nne, kila tarehe ni siku ya mvua. Hapo nimeelewa, na kosa ni langu: niliwalazimisha kugonga bila kusikia.

Lakini meza namba mbili ina tarehe za mvua na tarehe za jua. Siku zote ni sawa, tangu tarehe kumi na nane Machi.

Nimezipanga upya mara tatu. Nimezichanganya kama karata na kuzipanga tena.

Jumapili, 27 Aprili

Nimefundisha sura ya sauti kwa miaka thelathini na tatu. Nimechora sikio ubaoni, ngoma yake, vifupa vyake vitatu, hata nikitoka darasani chaki imenijaa mikononi. Na mdogo wangu amekula nami meza moja kwa miaka sita.

Baada ya chakula cha mchana alikuwa akikunja nguo sebuleni, amenipa mgongo. Nilimwita. Nilimwita kwa jina alilopewa na mama, ambalo watu wawili tu duniani wamebaki kulijua. Hakugeuka. Nilichukua sinia la bati nikaliachia sakafuni. Jirani akauliza dirishani kama tuko salama. Mdogo wangu akaendelea kukunja shuka, akalinganisha pembe kwa pembe.

Nikazunguka nikasimama mbele yake. Akaniona uso, akaliona sinia, akaketi.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mwaka wa tatu huu. La kushoto lilianza, la kulia likafuata." Akatabasamu kidogo. "Ukinisemesha kwa mbele nakuona midomo, Kaka. Wewe ni mwalimu, unasema maneno yote mpaka mwisho. Wengine wanayameza."

"Na kazi?"

"Kijiko." Akanyoosha mguu, akaugusa wangu kwa kidole gumba. "Nikigonga chenye ufa, ananigusa hivi chini ya meza. Naweka pembeni. Mvua ikinyesha hata yeye hasikii, basi navigonga tu watu wasiulize, tunaviweka rundo, mvua ikikatika tunavirudia vyote. Mezani kwetu hakikupita kibovu hata kimoja. Miaka mitatu! Uliza popote."

Hakuna haja ya kuuliza popote. Karatasi ziko sakafuni kwangu.

"Mbona hukuniambia siku ile nilipouliza?"

Alifikiri. "Ulikuwa umeshika saa," akasema.

Nilimwambia kwamba kesho nimeitisha kikao cha ubaoni. Nisipoeleza chanzo, Mpishi hatarudi, na ana wajukuu wanne ndani ya nyumba. Nikieleza, nitamtaja yeye.

"Sema meza," akaniambia. "Sema rundo. Usiseme mimi. Kaka, mimi pale ni Sikio. Hapa kwako mimi ni nani? Ni mtu wa kuunguza sufuria."

Nimemwahidi. Hilo ni neno langu la pili msimu huu.

Jumatatu, 28 Aprili

Wasomaji wa daftari hili, kama watakuwepo, wanisamehe mwandiko wa leo.

Watu wote walisimama mbele ya ubao, na Meneja nyuma yao karibu na mlango, ameegemea fremu. Niliandika kwa utaratibu, jibu la kila swali likizaa swali linalofuata.

Kwa nini mhudumu aliungua? Kikombe kilikuwa na ufa.

Kwa nini kilimfikia? Hakikuzuiwa kwenye kugonga.

Kwa nini hakikuzuiwa? Kiligongwa bila kusikilizwa.

Kwa nini hakikusikilizwa? Kwa sababu utaratibu wa kusikiliza uliokuwepo, yaani kungoja mvua na kurudia rundo, ulifutwa.

Kwa nini ulifutwa? Hapo nikaandika: KWA SABABU MWALIMU ALIUFUTA BILA KUULIZA MARA YA PILI.

Nikaweka chaki chini. Nikasema matanuri hayana kosa na Mpishi aitwe arudi leo hii, rundo lirudi, na mimi ndiye wa kuondoka. Nilidhani nimemaliza. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, akaacha.

Meneja akasema kutoka mlangoni, "Hayo yanaeleza siku za mvua, Mwalimu. Nami nilizisoma karatasi za maboksi kabla hujazichukua. Siku za jua je? Meza namba mbili?"

Nimefundisha watoto wengi. Wachache sana wamewahi kunisikiliza kama huyu.

Nilitazama chaki. Kijiko akatazama viatu vyake. Watu wakaona tunakotazama na tusikotazama, na matone ya mwisho ya paa yakasikika kwenye ndoo.

Nami ndiye niliyemfundisha Meneja kanuni nyingine: usiamini taarifa, nenda ukaone mwenyewe. Akatembea polepole mpaka nyuma ya mdogo wangu, hatua moja kutoka begani. Akasema, kwa sauti ya kawaida, "Sikio."

Mdogo wangu alikuwa akinitazama mimi usoni, akingoja midomo yangu iseme neno.

"Sikio," akasema tena Meneja.

Watu arobaini na watano walikuwa wamemgeukia. Aliwaona. Akatazama uso mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa Kijiko, aliyekuwa analia, akaelewa. Hakugeuka nyuma. Alivua aproni, akaikunja pembe kwa pembe kama shuka, akaiweka juu ya meza namba mbili.

"Naomba mwanga wa kutosha kwenye meza hii," akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Anayekuja atauhitaji, masikio yakimchoka."

Jumanne, 29 Aprili

Hakuamka mapema. Kilemba kipo kwenye msumari.

Jumanne, 6 Mei

Mpishi amerudi. Sikio amepumzishwa kazi. Kijiko pia amepumzishwa, kwa kuficha. Nilimwendea Meneja nikamwambia: watu wawili walifanya kazi ya mtu mmoja bila kosa hata moja kwa miaka mitatu; uziunganishe tena meza zao, uandike tu utaratibu huo kwenye karatasi.

"Watu wawili kwa kazi ya mmoja," akasema. "Mwalimu, huo wewe ulituambia unaitwaje?"

Nilikuwa nimeuandika mwenyewe kwenye orodha ya aina za upotevu. Bado uko ukutani, wa sita kutoka juu.

Hana moyo mbaya. Nataka niwe mkweli. Aliinamisha kichwa, akaniambia wenye kiwanda wameshamwuliza kuhusu paja la yule mhudumu. Alilia kidogo, kisha akatazama saa.

Ijumaa, 9 Mei

Rundo limerudishwa. Limechorewa mstari wa buluu sakafuni, lina kibao na utaratibu wa kurasa mbili: mvua ikinyesha, vyombo vyote viwekwe hapa na vigongwe upya. Meneja aliniomba nisahihishe lugha. Nimesahihisha. Hakuna mahali panaposema nani aliyelibuni.

Jumatatu, 19 Mei

Mizigo inayorudi ni michache kuliko wakati wowote. Tanuri la pili halitazimwa. Wenye kiwanda wameniandikia barua ya pongezi na wanataka nibaki mwaka mzima.

Sanduku la maoni, ambalo Machi lilijaa hadi karatasi zikachungulia nje, nimelifungua leo. Ndani hamna karatasi hata moja, kuna kipande cha chaki tu.

Nilimwuliza Mpishi kulikoni. Tulikuwa tumesimama kwenye joto la tanuri, yeye akichungulia moto kwa lile tundu dogo.

"Mwalimu, nakushukuru kwa kunirudisha, kweli kabisa," akasema bila kugeuka. "Lakini sasa ukiingia, mtu anaficha hata anavyopumua. Kila mmoja hapa ana kitu chake kidogo kinachomfanya aimalize siku. Mwingine ana mgongo, mwingine macho. Tunabebana. Wewe ukikiona unakiita upotevu."

"Nilidhani nawasaidia."

"Ulitusaidia. Kazi zipo." Akafunga tundu. "Ni wewe tu huwezi tena kuuliza kitu ukajibiwa."

Nimeandika barua ya kukataa huo mwaka mzima.

Jumapili, 25 Mei

Mvua zimekwisha. Anga limekuwa jeupe na vumbi limerudi kwenye madirisha.

Mdogo wangu amekuwa hazungumzi ila kwa lazima. Leo mchana aliosha vyombo vyote vya kabatini, hata vya wageni, akavipanga mezani. Kisha akaketi, akachukua kijiti chake, ambacho sikujua alikuja nacho, akaweka kikombe cha kwanza juu ya vidole vitatu.

Akagonga. Akakitazama. Akagonga tena, akakiweka chini palepale, si kulia wala kushoto, kwa kuwa hakujua kiende wapi.

Nilivuta kiti nikaketi pembeni yake, upande wa Kijiko. Hakunitazama. Akachukua cha pili, akagonga: kikalia. Cha tatu kikalia. Sahani mbili zikalia. Cha sita ni kikombe changu mwenyewe, nimekinywea miaka, na sauti yake ilikuwa nzito na fupi, kama ubao. Nilishtuka. Ilichukua muda mguu wangu kuutafuta wake chini ya meza.

Nikaugusa.

Akasimamisha mkono. Akakisogeza kikombe pembeni, peke yake.

"Umechelewa," akasema. "Kijiko alikuwa wa haraka."

Akachukua kingine, akangoja mguu wangu utulie mahali pake, kisha akagonga.